Ndagala, mawese na akina mama wa Kabonga

Kabonga mwezi ndio unaopanga kazi. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: mwanga ukimulika maji, samaki wale wadogo hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa polepole. Mwezi ukiwa mpevu nuru inakuwa kila mahali, samaki hutawanyika, na vyombo hubaki nchi kavu. Hizo ndizo siku za kushona nyavu na kuziba mitumbwi, za kupeleka posa, kufunga ndoa na kuzuru wagonjwa. Ndizo pia siku za kulipa madeni, au za kuomba yasogezwe mbele. Mgeni akiona vijana wamekaa chini ya mwembe mchana kutwa asidhani ni wavivu. Awaulize mwezi una siku ngapi.

Kijiji hiki kipo kusini kabisa mwa ufuo wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika, chini ya Nyanza-Lac, kimepakana na Tanzania. Barabara ya taifa namba 3 huiletea Kabonga chakula na habari kutoka Rumonge na Bujumbura, lakini njia yake ya kwanza ni maji. Ng'ambo ya pili ni Kongo; jirani wa karibu kwa upande wa kusini ni Kagunga, kijiji cha Watanzania. Kiswahili hapa hakikungoja shule. Kilikuja na mitumbwi ya biashara kutoka Ujiji, kikakaa sokoni na msikitini, na leo mtu huanza sentensi kwa Kirundi akaimalizia kwa Kiswahili bila kukatiza pumzi.

Alfajiri vyombo vinapokaribia, wanaume wanakuwa wamemaliza sehemu yao. Ufuo ni wa akina mama. Huingia majini hadi magotini, beseni kichwani, kila mmoja akijua chombo anachokingoja. Anaanza kwa salamu, anauliza usiku umekwendaje, ndipo bei itajwe. "Mama, leo ni kidogo." "Kidogo hichohicho nipimie, mwanangu, jioni nitakuletea chako." Mara nyingi hapo hakuna noti inayobadilisha mkono. Mvuvi anamkopesha mama samaki, na mama anauza ndipo alipe. Siku nyingine mambo yanageuka: chombo kimekosa mafuta, na mama yuleyule ndiye anayetoa fedha kiende ziwani, kwa ahadi kwamba samaki wakipatikana yeye ndiye wa kwanza. Mkopo huo hauna karatasi, una majina ya wazazi tu. Anayeuvunja hukosa wa kumpimia siku inayofuata.

Kabla ya kuuza, kila mvuvi hutoa kitoweo cha nyumbani kwake. Mjane, mzee au mtoto akija na sahani hurudi na gao la mkono mmoja. Kinachobaki ndicho cha biashara: hutolewa gharama za mafuta na taa, kisha mwenye chombo na wavuvi hugawana. Mimi huona mpangilio huo una hekima kuliko miradi mingi niliyowahi kuisoma, kwa sababu mnyonge hulishwa kabla hesabu haijaanza.

Kuanika nako ni elimu. Zamani ndagala walimwagwa mchangani, wakakauka na mchanga wao, na mvua ikinyesha mzigo mzima huoza. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipohimiza vichanja vya waya katika ufuo huu, hasa Mvugo hapo Nyanza-Lac, mambo yalibadilika: upepo unapita juu na chini, na samaki aliyekuwa akihitaji siku kadhaa hukauka kwa siku moja ya jua zuri. Mama anayewageuza hana saa. Anamchukua mmoja, anamvunja katikati, anasikiliza. Akikatika kwa mlio, yuko tayari kwa gunia na safari ya kupanda milimani, Makamba, Bururi hadi Gitega.

Nguzo ya pili ya uchumi wa ukanda huu ni michikichi. Kutoka Rumonge kushuka kusini vilima vya ufuoni vimejaa miti hii ya mawese. Wanaume hupanda kukata mikungu. Kuchemsha, kuponda na kukamua huikusanya jamaa nzima, na mafuta mekundu huenda jikoni na kwenye viwanda vya sabuni. Nyumba yenye shamba la michikichi haitetereki sana ziwa likinyima. Lakini ni nani mwenye shamba? Aprili 1972 uasi ulilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini yakawafukuza watu kwa maelfu kwenda Tanzania. Mashamba yao yakapewa wengine. Walioanza kurudi miaka ya 2000, wengi wakiwa wamezaliwa katika makazi ya wakimbizi huko Tanzania, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikuta michikichi ya babu zao inakamuliwa na mtu aliyeishi hapo miaka thelathini. Tume ya ardhi iliundwa 2006, na kesi zake zimegawanya majirani wanaosali safu moja. Kisha 2015, kwa machafuko ya kisiasa, watu wakakimbia tena. Makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya Liemba ikafanya kazi ya kuwasafirisha hadi Kigoma. Aliyerudi mikono mitupu hana mchikichi. Ana beseni tu na heshima ya kukopesheka.

Na sasa beseni lenyewe linapungua. Samaki wamevuliwa kupita kiasi, nyavu zenye matundu madogo zinazoa hata watoto wa samaki, na maji ya juu yanayopata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Juu ya hayo ziwa limepanda miaka ya karibuni: likafurikia nyumba na bandari za Rumonge, likala ufuo, na nafasi ya kuanikia ikawa nyembamba. Mwishoni mwa 2021 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana kulinda uvuvi kwa pamoja, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ninaunga mkono kulipumzisha ziwa. Ninachokataa ni kuhesabu wavuvi na vyombo peke yake, kana kwamba samaki hutembea wenyewe kutoka ziwani hadi kwenye chungu.

Ufaransa nako kuna mji uliowahi kupungukiwa na samaki, na wanawake wake wakasimama kudai. Douarnenez, mji wa wavuvi katika pwani ya Bretagne, uliishi kwa sadini: wanaume baharini, wanawake kwenye viwanda vya makopo. Mwanzoni mwa karne ya 20 sadini walitoweka misimu kadhaa, njaa ikaingia mjini. Novemba 1924 wanawake hao waligoma kwa ajili ya ujira, wakashikilia hadi Januari 1925, na wakashinda. Mwaka huohuo mmoja wao, Joséphine Pencalet, alichaguliwa diwani ilhali wanawake wa Ufaransa hawakuwa na haki ya kura. Uchaguzi wake ukafutwa. Leo viwanda vilivyobaki ni vichache, na sehemu ya bandari imekuwa makumbusho ya vyombo vya zamani.

Lakini wale walikuwa na kiwanda, na kiwanda kina lango ambalo mtu anaweza kusimama mbele yake akadai. Mama wa Kabonga hana mwajiri. Ziwa likifungwa miezi mitatu, mvuvi mwenye chombo kilichosajiliwa ana namba ya kumtambulisha. Yeye hana hata jina kwenye daftari, na mtaji wake uko mikononi mwa wavuvi aliowakopesha. Wanaoweza huhamia kwenye mawese au muhogo, wengine huvuka mpaka kutafuta vitenge vya kuuza. Kikundi chao cha kuweka akiba, ambacho kila wiki hukusanya fedha na kumpa mmoja kwa zamu, ndicho kinachopaswa kuandikwa kwanza pale kamati ya ufuo inapokaa na maofisa kupanga msimu ujao wa kufunga, na mwenyekiti wake apewe kiti mezani pamoja na wenye vyombo.