Ukoka Katikati ya Miiba

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya jiwe.

Tarehe 31 Januari 1999, mpira wa gofu, mweupe, mdogo kuliko yai la kuku, uliruka ukatoka kwenye nyasi, ukaangukia jangwani na kutulia nyuma ya jiwe. Watu waliokadiria uzito wa jiwe hilo walisema kilo 450 hivi. Mwenye mpira alikuwa kijana wa miaka 23, Tiger Woods, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia. Mahali palikuwa shimo la 13 la uwanja wa TPC Scottsdale, katika jimbo la Arizona, Marekani, na maelfu ya watu walikuwa wamefurika kutazama mashindano.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mpira uko hapa, jiwe liko mbele yake karibu kabisa, na shimo liko kulekule jiwe lilikokaa. Woods angeweza kuupiga mpira kando na kupoteza mkwaju. Lakini sheria za gofu zinaruhusu mchezaji kuondoa kitu cha asili ambacho hakikuota wala kushikamana na ardhi: jani lililopukutika, kijiti kikavu, kokoto. Woods akamuuliza mwamuzi, je, na hili? Mwamuzi akalikagua. Halikuzama ardhini, lilikuwa limekaa juu tu. Na sheria haikusema kokoto iwe na ukubwa gani. Basi jiwe la kilo 450 likahesabiwa sawa na kokoto, na kwa kuwa sheria haikukataza kusaidiwa, wanaume kama kumi na wawili wakatoka kwa watazamaji, wakaliegemea kwa mabega, likabingirika. Woods akapata njia. Shimo lililopangiwa mikwaju mitano akalimaliza kwa minne.

Wengi huisimulia habari hii kuonyesha werevu wa kijana yule. Mimi inanivutia kwa jambo jingine. Hebu fikirini: kama pale mbele ya mpira pangekuwa na mmea wa miiba badala ya jiwe, hata mmea mfupi kuliko goti lenu, wanaume wote wale wasingeruhusiwa kuugusa. Jiwe linasogezwa, mmea hausogezwi. Ukilielewa hilo, umeanza kuelewa kwa nini gofu ya jangwani ni ngumu, na kwa nini wanaoicheza huipenda hivyo.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unasimama mahali pa kuanzia, unaupiga mpira kwa fimbo, unaufuata ulikoangukia, unaupiga tena, mpaka uingie kwenye shimo dogo lililochimbwa katikati ya kitanda cha nyasi zilizokatwa fupi sana, kinachoitwa grini. Mashimo ni 18. Aliyetumia mikwaju michache ndiye mshindi. Kwenye viwanja vya Nairobi au Arusha, mpira ukipotea njia huangukia kwenye majani marefu au chini ya miti. Ni tabu, lakini utaupiga tena. Jangwani, nyasi zinakoishia ndiko dunia nyingine inakoanzia.

Twendeni basi tukacheze uwanja mmoja. Nimeuchagua We-Ko-Pa, mashariki ya Scottsdale, na katika njia zake mbili nimechagua ile iitwayo Saguaro, iliyofunguliwa 2006. Walioichora ni Bill Coore na Ben Crenshaw. Huyo Crenshaw mwenyewe alishinda mashindano makubwa ya Masters mara mbili, 1984 na 1995. Hawakupenda kulivunjavunja jangwa kwa mashine. Waliacha ardhi ipande na kushuka kama ilivyokuwa, wakalaza nyasi pale palipokubali. Kuzunguka njia hiyo hakuna nyumba hata moja. Kuna milima tu, na mmoja wao una vilele vinne, nao ndio uliotoa jina, kwa maana katika lugha ya Wayavapai, wenyeji wa huku, We-Ko-Pa ni mlima wa vilele vinne.

Tumefika alfajiri. Hapa watu huamka mapema wakati wa joto, na wana sababu. Mjini Phoenix, jirani tu, tarehe 26 Juni 1990 joto lilifika nyuzi 50. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200 katika miaka mingi, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Lakini joto lina zawadi yake kwa mchezaji. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi, basi mpira hukutana na kizuizi kidogo na kwenda mbali zaidi. Mgeni aliyezoea pwani au nchi ya baridi hupiga kama alivyozoea, akashangaa kuuona mpira umelipita grini lote ukaingia kwenye miiba. Hapo huanza kupiga hesabu upya.

Inameni kidogo mguse nyasi. Mnazijua hizi? Wamarekani huziita nyasi za Bermuda, kwa jina la kisiwa, lakini nyinyi mmezikalia tangu mnatambaa. Ni ukoka! Ukoka huuhuu wa uani, ambao mbuzi huupenda na mkulima huulaani. Asili yake ni pande zetu hizi za dunia, na Afrika imo. Katika mji wa Tifton, jimbo la Georgia, watafiti waliuchanganya ukoka na ndugu yake mwembamba wa Afrika Kusini, wakapata nyasi laini na nene zinazostahimili jua kali, na watoto wa ndoa hiyo wameenea katika viwanja vingi vya nchi za joto. Kwa hiyo mchezaji anayesimama Arizona akishukuru kwamba ameukuta mpira wake kwenye nyasi, mara nyingi amesimama juu ya mmea wenye damu ya Afrika.

Hata hivyo ukoka jangwani hunywa maji, na maji ni haba. Mwaka 1980 jimbo la Arizona lilitunga sheria ya kulinda maji ya chini ya ardhi, na kutokana na hiyo viwanja vipya vya eneo la Phoenix vikawekewa mpaka wa ukubwa wa nyasi zinazomwagiliwa. Wachoraji wakajifunza kubana matumizi. Wakaweka kipande cha nyasi pa kuanzia, wakaacha jangwa, wakaweka kipande kirefu pa kuangukia mpira, wakaacha jangwa tena, kisha grini. Ni visiwa. Mchezaji anaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na bahari yake ni ya changarawe na miiba. Mimi naona sheria ile ilikiongezea uzuri kile kilichoonekana kupunguzwa, maana jangwa lililoachwa katikati ndilo linalofanya macho yasichoke.

Haya, piga. Aa, umekwenda kulia. Umetoka kisiwani.

Tunaruhusiwa dakika 3 za kutafuta. Zamani zilikuwa 5, zikapunguzwa 2019. Tembeeni polepole, mtazame mnapokanyaga, kwa sababu hapa tumeingia nyumbani kwa watu. Sitanii ninaposema watu. Ule mmea mrefu mnaouona, wenye mikono iliyoinuliwa kama mtu anayepungia basi, ndio saguaro. Ni jamaa ya dungusi kakati. Huenda umewakumbusha ule mti wa nyanda zetu kavu wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa na utomvu mweupe unaounguza ngozi. Wanafanana sura tu, hawana udugu. Waohodham, wenyeji wa jangwa hili tangu zamani, huwahesabu saguaro kuwa ni watu wa namna yake. Mwanzo wa kiangazi huyaangua matunda yake mekundu kwa vijiti virefu, vilivyotengenezwa kwa mbavu kavu za saguaro aliyekufa, kisha huchemsha sharubati.

Saguaro aliyekomaa hufika mita 12 na zaidi, na akishiba maji huwa na uzito wa tani kadhaa. Anaweza kuishi miaka 150 na kuendelea. Lakini jambo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote ni utoto wake. Katika miaka 8 ya kwanza ya maisha yake hafiki hata sentimita 4. Mpira wa gofu una kipenyo cha zaidi ya sentimita 4. Saguaro wa miaka 8, umri wa mtoto wa darasa la pili, ni mfupi kuliko mpira unaoutafuta! Hujificha chini ya kivuli cha mti mwingine unaomkinga na jua na baridi ya usiku, anakua taratibu, na mkono wake wa kwanza huenda usichomoze mpaka apite miaka 50. Anayekimbia ovyo kuufuata mpira wake anaweza kumkanyaga asijue. Kiatu kimoja, na miaka mingi imekwisha.

Usiliguse lile tawi! Hilo ni choya. Linaonekana laini, kama limevikwa manyoya, na linavyong'aa asubuhi hii utadhani ni pamba. Vipande vyake huachana na shina kwa kuguswa kidogo tu, na kila mwiba una vijino vinavyotazama nyuma, ukiingia hautaki kutoka. Mkono uliojaribu kukichomoa kipande mguuni hunaswa nao. Ndiyo maana wachezaji wa huku wengi hubeba chanuo kwenye mfuko wa fimbo. Unalipitisha chanuo kati ya ngozi na kile kipande, unakirusha mbali kwa mara moja. Sijui kama mtu aliyetengeneza chanuo la kwanza aliwahi kufikiria kazi hiyo.

Mpira huu hapa, chini ya choya kabisa. Unaweza kuupiga kama ulivyo? Ukishindwa, sheria inakuruhusu kuutoa na kuuangusha mahali pengine, kwa mfano ndani ya urefu wa fimbo mbili, lakini unaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Huwezi kulalamika kwamba miiba ni hatari. Sasa ngoja. Kama karibu na mpira angekuwa amejiviringisha nyoka mwenye njuga mkiani, na wapo huku, ungehama bila kulipa chochote. Sheria humhurumia mchezaji mbele ya mnyama wa hatari, nyoka au nyuki, na haimhurumii mbele ya dungusi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ukatili. Nimeifikiria, naona ina haki. Nyoka alikuja mwenyewe, labda dakika moja iliyopita. Dungusi alikuwepo tangu kabla hujazaliwa, na ulimwona ulipokuwa unanyanyua fimbo.

Pigeni jicho kule juu, kwenye shina la saguaro mzee. Mnaona tundu? Kigong'ota ndiye aliyelichimba afanye kiota. Akishahama huja mpangaji mwingine, bundi mdogo kuliko bundi wote duniani, mwenye gramu 40 hivi. Mpira wa gofu unakaribia gramu 46. Najua kwetu wako watoto wanaofunika masikio bundi akilia usiku, lakini huyu ni mwepesi kuliko mpira, na chakula chake ni nondo na nge.

Nimewaambia tumeingia nyumbani kwa watu, na bado sijawataja wenye ardhi. We-Ko-Pa ni mali ya Wayavapai wa Fort McDowell. Eneo lao lilitengwa rasmi 1903, nao Mto Verde unapita katikati. Baadaye serikali ikapanga mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Mto Colorado kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500 kuvuka jangwa, hadi Phoenix na Tucson. Ndani ya mpango huo lilikuwamo bwawa, likiitwa Orme, ambalo lingejengwa pale Mto Verde unapokutana na Mto Salt. Maji yangerudi nyuma na kuifunika sehemu kubwa ya ardhi ya Wayavapai: mashamba, nyumba, makaburi ya wazee, na miti ya kando ya mto ambako tai hujenga viota. Waliahidiwa mamilioni ya dola. Mwaka 1976 wakapiga kura, na wengi wakakataa. Shinikizo halikuisha. Septemba 1981 wakatembea kwa miguu siku tatu, wazee na watoto, kutoka kwao mpaka kwenye jengo la serikali ya jimbo mjini Phoenix, kwenye joto hilihili. Novemba mwaka huohuo mpango wa bwawa ukaondolewa, na kila Novemba Wayavapai hufanya sherehe kuukumbuka ushindi huo.

Mfereji ulijengwa, bwawa halikujengwa. Miaka ishirini baadaye, 2001, Wayavapai walifungua njia ya kwanza ya We-Ko-Pa, na kuipa jina la choya. Siwezi kuupiga mkwaju hapa hata kwa kufikiria tu bila kuwakumbuka waliotembea siku tatu zile.

Siku imepita tukizungumza. Jua linashuka, vivuli vya saguaro vimekuwa virefu kuliko njia ya nyasi, na ule mlima wa vilele vinne umegeuka zambarau. Hii ndiyo saa ngumu kupima umbali. Hewa kavu haina ukungu, mlima wa mbali unaonekana kama umesimama nyuma ya grini, na macho humshauri mchezaji apige kidogo kuliko inavyotakiwa. Shimo moja la mwisho, kisha twende.

Sogeeni kwa saguaro huyu wa ukingoni, lakini msimshike. Katika viwanja vya jangwani hutokea mpira uliopigwa kwa nguvu ukazama kwenye nyama ya saguaro na kubaki humo. Hakuna anayepanda kuutoa. Sheria za Arizona zinamlinda, na sheria za mchezo nazo hazimruhusu mtu kumkata. Saguaro akijeruhiwa, kwa mdomo wa ndege au kwa mpira, hujenga gamba gumu kuzunguka kidonda ili maji yasitoke. Gamba lile ni imara kiasi kwamba saguaro akifa na nyama yake ikioza, lenyewe hubaki. Wenyeji wa zamani waliyaokota magamba ya namna hiyo yaliyotoka kwenye viota vya vigong'ota, wakayatumia kama vibuyu vya kuhifadhia vitu. Basi saguaro anaufunga mpira taratibu na kuendelea kukua. Mwenye mpira alikwisha kuongeza mkwaju mmoja kwenye karatasi yake, akatoa mpira mwingine mfukoni, akarudi kwenye ukoka.