Kuimba kwa Herufi

Katika makanisa mengi ya Kilosa na Mikumi, wanakwaya hukutana jioni kujifunza nyimbo. Mwalimu wa kwaya huandika ubaoni herufi hizi:

d r m f s l t

Wanakwaya husoma: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kila herufi ina sauti yake. Kistari maana yake endelea na sauti hiyo hiyo. Maandishi haya huitwa solfa. Je, yametoka wapi?

Yametoka Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi. Toka mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliitengeneza zaidi na kuieneza. Huo ulikuwa wakati wa Malkia Victoria. Wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa maskini. Nota za mistari mitano zilikuwa ngumu kwao, na vitabu vyake vilikuwa ghali. Solfa ilihitaji herufi za kawaida tu, na kuipiga chapa kulikuwa rahisi. Basi mfanyakazi aliyejua kusoma aliweza kuimba sehemu yake katika kwaya.

Wamisionari walileta nyimbo zao Afrika, na solfa pia. Karibu mwaka 1880 Waanglikana kutoka Uingereza walianzisha misheni Mamboya, katika wilaya ya Kilosa. Siku hizo tuni za Ulaya zilitiwa maneno ya Kiswahili. Mara nyingine maneno hayakukaa vizuri. Tunasema "Baba" kwa kukaza mwanzo wa neno. Tuni ikikaza mwisho, neno linaharibika. Tena, wamisionari wengi walikataza ngoma. Watu wakadhani kuwa Mungu husifiwa kwa tuni za kigeni tu.

Lakini herufi hazina mwenyewe. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika ya Kusini, alitunga wimbo wake. Nyimbo zake aliziandika kwa solfa. Tuni ya wimbo ule ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, "Mungu Ibariki Afrika". Siku hizi ngoma na kayamba husikika katika makanisa mengi ya Tanzania, na watunzi wetu huandika nyimbo zao wenyewe kwa herufi zile zile.

Ndugu msomaji, wewe umekwisha kujua kusoma. Herufi saba hazitakushinda. Kijijini kwako wako wazee wanaojua nyimbo za kulima, za mavuno na za kubembeleza watoto. Mzee akifa, wimbo usioandikwa huzikwa naye. Wimbo ulioandikwa huimbwa na wajukuu.

Maswali
1. Kwa nini solfa iliwafaa wafanyakazi maskini?
2. Sontonga alifanya nini mwaka 1897?
3. Ni wimbo gani wa kijiji chenu unaofaa kuandikwa? Nani anaujua?