Ithibati ya makumbusho: Kwa nini kuuza amana ni kosa lisilosameheka

MNAMO Julai 10, 2014, sanamu ya jiwe la chokaa yenye kimo cha takriban sentimita 75 ilipigwa mnada jijini London. Ilikuwa sanamu ya Sekhemka, ofisa wa Misri ya kale aliyewasimamia waandishi, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji wa Northampton, Uingereza. Ilinunuliwa kwa pauni milioni 15.76.

Baraza la mji lililomiliki jumba hilo lilieleza kwamba fungu lake la fedha hizo lingetumika kulipanua jumba lenyewe. Fungu jingine lilimwendea Lord Northampton, ambaye ukoo wake ndio ulioitoa sanamu hiyo. Hata hivyo, Agosti 1 mwaka uo huo, Arts Council England, shirika linalosimamia sanaa na makumbusho, lilifuta ithibati ya jumba hilo pamoja na ya jumba jingine la baraza lilo hilo. Yaliambiwa yasithubutu kuomba tena kabla ya Agosti 2019.

Ithibati hiyo ni nini hata ipokonywe kwa kishindo namna hiyo?

Mpango wenyewe ulianzishwa mwaka wa 1988, wakati huo ukiitwa usajili, na ukapewa jina la ithibati mwaka wa 2004. Si sheria, wala hakuna jumba linaloshurutishwa kujiunga. Maombi hayalipiwi ada. Lakini jumba lisilokuwa nayo hufungiwa milango ya baadhi ya misaada ya fedha, na majumba mengine husita kuliazima vitu vyao vya thamani. Takriban majumba 1,700 yamo katika mpango huo, kuanzia yale makubwa ya kitaifa hadi vyumba viwili vinavyoendeshwa na wanakijiji wanaojitolea.

Masharti yamegawanywa katika mafungu matatu: uendeshaji wa asasi, utunzaji wa mkusanyiko na huduma kwa wageni.

Kuhusu uendeshaji, jumba sharti liwe na katiba inayotambulika kisheria, bodi inayowajibika, hesabu za fedha zilizo wazi na mpango wa kazi wa miaka ijayo. Ni lazima pia lithibitishe kwamba lina haki ya kukaa katika jengo lake, maana mkusanyiko hauwezi kuishi kwa hofu ya kufukuzwa na mwenye nyumba. Majumba madogo yasiyo na mtaalamu wa kuajiriwa hutakiwa kuwa na mshauri mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Fungu la wageni halina mengi: saa za kufungua zijulikane, wenye ulemavu wafikiriwe, na maoni ya umma yasikilizwe.

Uzito wote umo katika fungu la mkusanyiko, na hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huweza kudhani kwamba kinachotazamwa kwanza ni jengo la fahari na makabati ya vioo. La hasha. Wakaguzi huuliza daftari. Kila kitu sharti kiwe na nambari yake, na maandishi yaonyeshe kilitoka wapi, kilipokewa lini, nani alikitoa na kwa masharti gani, na kiko kwenye rafu ipi leo hii. Kikiazimwa au kuhamishwa, iandikwe. Jumba lenye malimbikizo ya vitu visivyoandikwa halikataliwi papo hapo, bali hutakiwa kuonyesha mpango wa kuyamaliza. Kuna pia mpango wa kukabili moto na mafuriko, na tathmini ya usalama inayofanywa na mtu anayeijua kazi hiyo.

Swali la kitu kilitoka wapi si la kikarani tu. Wasomaji wa Pwani wanavijua vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka wa 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kwamba lingerejesha vigango 30. Daftari likiulizwa ipasavyo siku ya kupokea, mengi ya aina hiyo hayangetokea.

Kisha lipo sharti lililoiponza Northampton. Chini ya kanuni hizi, vitu vya makumbusho ni amana ya umma. Vinaweza kuondolewa, tuseme kwa kuhamishiwa jumba jingine linaloweza kuvitunza vizuri zaidi, lakini haja ya fedha haikubaliki kuwa sababu ila kwa nadra sana na kwa masharti makali. Mji wa Bury ulikuwa umeonja adhabu hiyo hapo awali, baada ya kuuza mchoro wa L. S. Lowry mwaka wa 2006 ili kuziba pengo la bajeti.

Wapo wanaosema kwamba kanuni hii ni kali mno kwa mabaraza maskini. Huenda. Lakini nani atatoa kumbukumbu ya babu yake kwa jumba analojua litaiuza siku paa litakapovuja?

Sekhemka mwenyewe hakurudi Northampton. Serikali ya Uingereza iliizuia sanamu hiyo kwa muda mwaka wa 2015 isisafirishwe nje, ili mnunuzi wa humo nchini apate nafasi ya kulipa bei ile ile. Hakupatikana.