Nani Aliyegandisha Chanjo?

Tuseme kisanduku baridi kimefika katika zahanati moja ya Busunzu saa 5 asubuhi, kikiwa kimefungwa nyuma ya pikipiki kutoka Kibondo. Muuguzi anainua kichupa cha chanjo ya pentavalenti na kuona mashapo yametuama chini kwa namna isiyompendeza. Mwendesha pikipiki anasema alikipokea kisanduku hivyo hivyo. Mtunza bohari wa wilaya anajibu kwa simu kwamba mzigo ulitoka ukiwa salama na hati ilitiwa sahihi. Nje, akina mama wamepakata watoto wao. Baadhi wametembea tangu alfajiri.

Hati iliyotiwa sahihi haiwezi kuamua ugomvi huo. Chanjo inayopelekwa Kigoma huondoka Dar es Salaam, hupita bohari ya mkoa na ya wilaya, kisha hufika kituoni, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Katika kila makabidhiano sahihi huthibitisha idadi ya vichupa. Jotoridi haliandikwi na sahihi ya mtu yeyote.

Wengi huogopa joto, na si bure. Lakini katika nyanda hizi za juu, zenye asubuhi za baridi, adui anayesahaulika ni barafu. Chanjo za pentavalenti, pepopunda na homa ya ini B zina chumvi za aluminiamu. Zikiganda, chembe zake hushikamana na nguvu ya chanjo hupotea bila kurudi. Ile alama ya mraba juu ya kichupa, inayokoza rangi kadiri joto linavyozidi, haioneshi kuganda hata kidogo. Mtoto huchomwa sindano, kadi hujazwa, na mama hurudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa dhidi ya kifaduro.

Hapa ndipo kirekodi joto kinapofaa. Ni kifaa kidogo kinachosafiri ndani ya kisanduku, kikipima jotoridi kila baada ya dakika chache na kuandika saa. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Vile vya siku 30 vinavyotumika kwenye majokofu hupiga king'ora jotoridi likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Katika shehena za kimataifa jambo hili ni la kawaida: vifaa huambatana na mzigo, mpokeaji huvisoma na kujaza ripoti ya mapokezi, na madai ya fidia hutegemea ripoti hiyo.

Turudi Busunzu. Mchoro wa kirekodi unaonesha kwamba jotoridi lilikuwa chini ya kiwango cha kuganda tangu saa 1:20 hadi saa 2:25 asubuhi. Pikipiki iliondoka saa 2:30. Mwendeshaji hana kosa. Vipande vya barafu viliwekwa moja kwa moja kutoka kwenye friza, bila kuachwa vitoe jasho hadi maji yasikike yakitikisika ndani.

Ushahidi huo una thamani endapo pande zote tatu zinasoma kumbukumbu ileile, saa ya kifaa imerekebishwa kabla ya safari, na kifaa kimekaa katikati ya vichupa badala ya kugusa barafu. Data ikibaki kwa bosi peke yake, wahudumu huiona kama fimbo, na kifaa "husahaulika" mezani siku ya safari.

Muuguzi bado ana kazi. Hugandisha kichupa kimoja cha toleo lilelile kwa makusudi, hukiyeyusha, kisha hukitikisa pamoja na kile kinachoshukiwa. Mashapo ya kinachoshukiwa yakishuka kwa kasi sawa au zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Chanjo ya polio ya matone na ile ya surua haziharibiwi na kuganda, hivyo waliofikia zamu yake huhudumiwa leo. Waliokuja kwa pentavalenti huelezwa sababu waziwazi na kupangiwa siku ya karibu, na bohari ya Kibondo hupigiwa simu kabla ya kisanduku kingine kufungwa.