Difu Inayokunywa Maji: Fizikia ya Kuvuka Mto kwa Gari

Masika yanapokolea, tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hugeuka kuwa nchi ya maji. Mvua ya mwaka mzima hapa hufikia kati ya milimeta 2,000 na 3,000, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Barabara kuu ina lami, lakini mpunga na kakao havioti kando ya lami. Anayetaka kumfikia mkulima, kumchukua mgonjwa au kupeleka vitabu katika shule iliyo mbali hana budi kupita matopeni na kuvuka vijito. Ndiyo maana gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne huthaminiwa sana katika njia za Itungi na vijiji vya jirani.

Miongoni mwa magari ya namna hiyo, yanayofahamika zaidi nchini ni Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser, ambayo asili yake ni mwaka 1951. Wenye magari haya hupenda kuyaongezea vifaa: matairi mapana, springi ndefu, winchi, na bomba la kuvutia hewa ya injini linalopanda hadi usawa wa paa. Vifaa hivyo huonekana na kusifiwa. Makala hii inahusu kifaa kisichoonekana, chenye bei ndogo kuliko ya tairi moja, ambacho kukosekana kwake kumeliua gari zuri mara nyingi.

Tuanze na difu. Hii ni nyumba ya chuma iliyo katikati ya ekseli. Ndani yake mna meno ya gia yanayogawa nguvu ya injini baina ya gurudumu la kulia na la kushoto. Meno hayo huogelea katika oili nzito, na juu ya oili hubaki nafasi iliyojaa hewa. Gari linapotembea, meno husuguana, na msuguano huzaa joto. Chukua gari lililotoka Tukuyu, penye mwinuko wa takriban meta 1,500, likateremka hadi tambarare ya ziwa iliyo chini ya meta 500. Lifikapo kwenye kijito, difu yake huwa ya moto kiasi cha kutogusika kwa mkono.

Sasa dereva anaingia majini. Chuma cha moto kinazamishwa ghafula katika maji baridi. Nini huipata hewa iliyomo ndani?

Mwanafunzi wa fizikia anayo jibu. Hewa ikipoa hunywea. Na ikiwa haina nafasi ya kunywea, kanieneo yake hupungua. Tufanye hesabu. Tuseme hewa ya ndani ilikuwa na jotoridi la nyuzi 80 za Selsiasi, yaani 353 za Kelvin, ikapoa hadi nyuzi 24, yaani 297 za Kelvin. Gawanya 297 kwa 353, utapata 0.84. Maana yake ni kwamba kanieneo imepungua kwa asilimia 16 hivi. Katika mwinuko wa Itungi, upungufu huo ni sawa na kanieneo ya maji yenye kina cha zaidi kidogo ya meta 1.5. Kwa hiyo difu iliyozama nusu meta tu huvutiwa maji kana kwamba imezama meta mbili! Sili za mpira zilizo kwenye ncha za ekseli ziliundwa kuzuia oili isitoke, wala hazikuundwa kushindana na mvuto wa namna hiyo. Maji hupenya.

Waliobuni magari walilijua jambo hili. Juu ya ekseli waliweka tundu dogo la kupumulia, lenye kizibo kinachochezacheza, ili hewa itoke inapopata joto na kurudi inapopoa. Lakini tundu hilo lina matatizo mawili. Kwanza, likizama, difu huvuta maji badala ya hewa. Pili, matope hukauka juu yake na kuliziba. Zaidi ya hayo, wapo wanaoliziba kwa makusudi, wakidhani wameziba njia ya maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tundu hili ukiliziba utanunua difu. Joto litaisukuma oili nje kupitia kwenye sili, na baridi itayaingiza maji kupitia palepale.

Dawa yake ni rahisi. Fundi huondoa kizibo kile, akafunga mahali pake mrija mwembamba usioharibiwa na oili, akaupandisha juu ya kina chochote ambacho gari litavuka. Mrija huachwa na ulegevu wa kutosha ili usikatike ekseli inapocheza, na ncha yake huelekezwa chini ili vumbi na mvua visiingie. Magari mengi ya baadaye hutoka kiwandani yakiwa na mrija huu. Hata hivyo, kwa gari lililozeeka, ukaguzi ni wa lazima, kwa kuwa mrija uliopasuka ni sawa na tundu lililozama.

Utajuaje kwamba maji yamekwisha kuingia? Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikafanana na chai ya maziwa. Njia nyingine ni kuliacha gari litulie usiku kucha, kisha asubuhi kulegeza kidogo nati ya kumwagia oili. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yale yaliyojitenga hutangulia kutoka. Ukiyaona, badilisha oili siku hiyohiyo. Maji huudhoofisha utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma, na huleta kutu katika beringi. Uharibifu huo hauna haraka: gari huvuka salama leo, likavunjika baada ya miezi, pengine likiwa na mgonjwa ndani.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Mrija huilinda difu, lakini haugeuzi gari kuwa mashua. Gari lenye upana wa meta 1.7 na urefu wa meta 4, kila maji yanapopanda sentimeta 10 juu ya sakafu, na kabla hayajaingia ndani, husukumwa juu kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 680. Magurudumu hupoteza uzito wa kukanyagia, na mkondo huliburura. Mto uliofurika husubiriwa.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Chukua chupa tupu ya kioo kigumu, ipashe kwa maji ya moto, uyamwage, kisha uitumbukize mdomo chini katika beseni la maji baridi. Chupa ikipoa, maji yatapanda ndani yake. Rudia jaribio, safari hii ukiwa umeziba mdomo kwa kizibo chenye mrija wa mpira unaofika juu ya maji, na uwaulize wanafunzi kwa nini chupa imebaki kavu.