Bawabu na Daftari Lake: Uteuzi wa Hifadhi ya Data kwa Huduma Ndogo ya Mtandao

Huduma inayodhibiti uingiaji katika mtandao wa kompyuta hufanya kazi ya bawabu: huamua kama aliyebisha hodi aruhusiwe au azuiwe. Kanuni ya mawasiliano inayotumika sana kwa kazi hiyo ni RADIUS, iliyobuniwa na kampuni ya Livingston Enterprises mwaka 1991, na ambayo maelezo yake ya msingi yamo katika hati RFC 2865 na RFC 2866 za mwaka 2000. Suala linalochunguzwa hapa ni mahali pa kutunzia daftari la bawabu huyo, iwapo watumiaji ni mia mbili au tatu tu, kama vile katika idara moja ya chuo.

Mafundi wengi hukimbilia hifadhidata kubwa yenye seva yake, kama vile MySQL au PostgreSQL. Uamuzi huo wafaa utanguliwe na uchambuzi wa neno "daftari" lenyewe (lililotufikia kwa njia ya Kiarabu), kwani hapa linaficha vitu viwili. Kuna orodha ya ruhusa, yaani majina, maneno ya siri na masharti, ambayo husomwa mara nyingi na kubadilishwa kwa nadra. Kuna pia kumbukumbu za matumizi: nani aliingia, akatoka saa ngapi, akatumia data kiasi gani. Hizi huandikwa mfululizo na kusomwa kwa nadra. RADIUS yenyewe huvitenganisha, maombi ya ruhusa yakipita mlango nambari 1812 na taarifa za matumizi nambari 1813. Ajabu ni kwamba mafundi huvirudisha pamoja ndani ya chombo kimoja.

Kwa orodha ya ruhusa, faili ya maandishi matupu mara nyingi yatosha. FreeRADIUS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999, huisoma faili hiyo inapoanza kazi na kuiweka katika kumbukumbu ya kompyuta. Hakuna seva ya pili inayoweza kuzimika usiku na kuwafungia wote nje. Kasoro ni kwamba kila badiliko ladai programu iamriwe kusoma upya, na wahariri wawili wakiifungua faili kwa pamoja, mmoja aweza kufuta kazi ya mwenziwe.

Hapo ndipo SQLite, iliyotolewa na D. Richard Hipp mwaka 2000, inapofaa. Hifadhidata yote ni faili moja, bila seva. Wasomaji waweza kuwa wengi, lakini mwandishi huwa mmoja tu kwa wakati, na faili yenyewe haifai kuwekwa katika diski inayoshirikiwa kwa mtandao. Mabawabu wawili wakihitaji kuandika daftari moja, PostgreSQL yastahili gharama yake. Kumbukumbu za matumizi nazo ni heri ziandikwe kwanza katika faili ya kawaida, kisha zihamishwe taratibu. Vinginevyo foleni ya kuandika huchelewesha hata majibu ya ruhusa, na vifaa visipojibiwa hurudia maombi yale yale.

Suala zito zaidi ni maneno ya siri, na hapa aina ya chombo si hoja tena. Desturi njema ni kuhifadhi alama ya kihisabati isiyoweza kugeuzwa kuwa neno lenyewe. Lakini njia ya MS-CHAPv2, ambayo simu na kompyuta nyingi huitumia, yaidai seva iwe na neno lenyewe au alama ya aina ya NT. Alama hiyo haichanganywi na chembe yoyote ya nasibu, na mwenye kuiiba aweza kuitumia kuingia bila kulijua neno. Kuihamishia PostgreSQL hakuipunguzii hatari. Njia ya EAP-TLS, inayotumia vyeti vya kidijiti, huiondolea orodha siri hizo kabisa, ijapokuwa huongeza kazi ya kutoa na kubatilisha vyeti.

Kumbukumbu za matumizi ni habari za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yakataza kuzihifadhi kupita muda unaohitajika. Zikitengewa faili kwa kila mwezi, utekelezaji wake ni kufuta faili ya mwezi uliopitwa na muda huo, pamoja na nakala zake za akiba.