Nguvu Ipoteayo Ndani ya Mabomba ya Maji

Maji yashukayo kutoka mlimani kuingia mjini huja na nguvu nyingi kuliko ihitajiwayo na mfereji wa jikoni, na tangu zamani mafundi wa maji wameihesabu nguvu hiyo kuwa adui, kwani isipopunguzwa hupasua viungo vya mabomba na kuzidisha uvujaji. Dawa yao ni vali ya kupunguza msukumo, ambayo huyabana maji yapite penye nafasi nyembamba, yakavurugika na kunguruma, hata nguvu iliyozidi ikageuka joto hafifu lisilomfaa mtu yeyote. Hapo penye vali ndipo pa kutafutia umeme; na mwenye kuutafuta kwingineko katika mtandao wa maji aghalabu hujitafutia hasara.

Ithibati yake iko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Mji huo hunywa maji ya bonde la Bull Run, lililo upande wa magharibi wa mlima Hood, nayo tangu 1895 yameufikia kwa mserereko, pasipo kusukumwa na pampu. Kampuni ya Lucid Energy, kwa makubaliano na idara ya maji ya mji, ilitia turbini 4 ndani ya bomba kuu lenye kipenyo cha zaidi kidogo ya mita 1, zikaanza kazi mwanzoni mwa 2015. Mapanga yake yamepindwa yakafanya umbo la tufe, yakizunguka kwa nguvu ya maji yapitayo, na jenereta imewekwa juu ya bomba, mahali pasipofikwa na maji. Uwezo wa zote pamoja ni kilowati 200, na mazao yaliyokadiriwa ni uniti 1,100,000 hivi kwa mwaka, kiasi cha kutosheleza nyumba 150 za huko, umeme huo ukiuzwa kwa mkataba wa miaka 20. Msomaji apendaye hesabu ataona kwamba kilowati 200, lau zingalipatikana saa zote za mwaka, zingalitoa uniti 1,752,000. Kadirio halifiki theluthi mbili ya hizo, wala si ajabu, kwa kuwa turbini ya bombani hutii kiu ya mji, na kiu ya mji haiwi sawa usiku na mchana.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mita moja ya ujazo ya maji ikipita kila sekunde, na msukumo wake ukapungua kwa kadiri ya kimo cha mita 10, huachilia takriban kilowati 98. Turbini na jenereta zikiambulia asilimia 70, twapata 69 hivi. Walakin sharti msukumo huo uwe wa ziada kweli. Maji yaliyopandishwa kwa pampu yamekwisha kugharimiwa umeme, na mwenye kuweka turbini mbele ya pampu huilazimisha pampu kula zaidi ya atakachovuna, kwani hakuna mashini irudishayo yote iliyopewa. Kwa sababu hiyo Dar es Salaam, ambayo maji yake ya Mto Ruvu husukumwa na pampu, haifanani na Portland. Mombasa yaikaribia zaidi, maana maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo, huteremka kwa mserereko kwa zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo mwendo mrefu namna hiyo huliwa sana na msuguano wa kuta za bomba, na mhandisi asikitazame kimo cha chemchemi kilivyo katika ramani, bali apime msukumo unaosalia mwishoni, majira ya kiangazi na ya masika.

Baki ya mashaka ni juu ya siha ya wanywaji, nayo ni mashaka ya haki kabisa. Chuma kigusacho maji kisiwe na risasi, wala mafuta ya kulainisha yasipate njia ya kupenya. Kwa hiyo mitambo hii hupimwa kwa vipimo vilevile vitumikavyo kwa mabomba ya maji ya kunywa kabla ya kuruhusiwa. Tena hujengwa bomba la pembeni, lenye vali yake ya desturi, ili turbini ikisimama usiku wa manane maji yageuze njia papo hapo, na msukumo katika nyumba za watu usipande wala usishuke.